Je, kutunza sampuli za MS ni sayansi au ni ukarani?

Swali: “Shikamoo daktari. Ninaishi Sakina, Arusha. Nina shahada ya sayansi ya maabara na nimefanya kazi miaka miwili katika maabara ya hospitali. Nimepata nafasi ya kwenda Ulaya, kwenye maabara inayotafiti ugonjwa wa maltipo sklerosisi (MS). Wamenipa nichague: nifanye majaribio mezani, au niwe mratibu wa sampuli na washiriki wa utafiti. Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyenisomesha, anasema hiyo ya pili ni ukarani na yeye hakunisomesha niwe karani. Mimi mwenyewe sijui maisha ya humo ndani yakoje ukishaondoka mezani. Naomba unisaidie kabla sijawajibu.”

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Mjomba mfikishie salamu zangu. Aliyebeba ada ya mtoto wa dada yake mpaka akapata shahada ana haki ya kuuliza elimu hiyo inakwenda wapi, kwa hiyo jibu hili nawaandikia nyote wawili.

Nilikaa miaka mitano Uingereza, kwenye maabara ya aina hiyo unayokwenda, kabla ya kurudi hapa Moshi. Nilikwenda nikiamini kwamba mtafiti ni mtu wa koti jeupe aliyeinamia hadubini. Nikijaribu leo kuzihesabu siku zangu za kule, saa nilizoshika pipeti, kile kifaa cha kunyonya na kupima maji kidogo kidogo, ni chache kuliko saa nilizotumia kutafuta mirija, kuzungumza na wagonjwa, kusoma fomu, kungoja simu na kukaa na panya. Nimejifunza pia kwamba majibu mengi ya uongo huzaliwa kabla sampuli haijafika mezani. Damu ikishakaa juani kwa muda wa saa sita, hakuna mashine ya bei yoyote itakayoirudisha ilivyokuwa.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, maana mjomba atauliza. Umewahi kuukata mgomba ukaona shina lake: maganda yaliyokumbatiana, tabaka juu ya tabaka. Nyuzi za mishipa ya fahamu kwenye ubongo na uti wa mgongo zimefungwa hivyo hivyo na utando wa mafuta uitwao mayelini, na ndio unaofanya taarifa zikimbie haraka. Katika MS, kinga ya mwili inaugeukia utando huo na kuuchubua, hapa na pale, leo kwenye mshipa wa jicho, mwakani kwenye uti wa mgongo. Panapopona panabaki kovu. Jina lenyewe lina maana hiyo, makovu mengi, na Mfaransa Jean-Martin Charcot ndiye aliyeuelezea vizuri kwa mara ya kwanza mwaka 1868 katika hospitali ya Salpêtrière, Paris. Wengi huanza kuugua wakiwa na umri kati ya miaka 20 na 40, wanawake wakiwa angalau mara mbili ya wanaume. Makadirio ya mwaka 2020 yalikuwa watu milioni 2.8 duniani. Mtu anapata ganzi, au jicho moja linaingia ukungu, wiki kadhaa baadaye anapata nafuu, anakaa mwaka au miaka mitatu, kisha linarudi jingine. Wapo ambao miguu inakwenda ikiisha polepole bila hata hiyo nafuu ya katikati.

Ugonjwa wa namna hiyo haukupi jibu kwa sampuli ya siku moja. Unadai miaka, na hapo ndipo hiyo kazi mjomba anayoiita ukarani inapobeba uzito wote.

Nikupe mfano mmoja, na huu ningeomba umsomee mjomba pole pole. Kwa miongo mingi watafiti walishuku kwamba kirusi cha Epstein-Barr kina mkono katika MS. Ugumu ulikuwa mmoja: zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wana kirusi hicho. Ukimpima mgonjwa wa MS leo ukakikuta, umejua nini? Hata jirani yake mzima anacho. Ili ujue kipi kilitangulia, ulihitaji damu ya mtu huyo ya kabla hajaugua, na kabla hata hajaambukizwa kirusi. Nani anakaa na damu ya watu wazima wenye afya akingoja waugue miaka kumi baadaye?

Jeshi la Marekani lilikuwa nayo. Wanajeshi wake hupimwa VVU wanapoingia kazini na tena kila baada ya muda, na seramu inayobaki, yaani maji ya damu yaliyotengwa na seli, hugandishwa na kutunzwa. Kundi la Chuo Kikuu cha Harvard, akiwemo Kjetil Bjornevik na Alberto Ascherio, lilifuatilia kumbukumbu za wanajeshi zaidi ya milioni 10 kwa miaka 20. Waliopata MS walikuwa 955. Kati yao, 801 walikuwa na sampuli za kutosha, na 35 tu ndio waliokuwa hawajaambukizwa kirusi hicho katika sampuli yao ya kwanza. Kati ya hao 35, 34 waliambukizwa kabla MS haijaanza. Hesabu ikaonyesha kwamba baada ya maambukizi hatari ya kupata MS huongezeka mara 32. Matokeo yalichapishwa Januari 2022, na yalibadilisha mazungumzo ya fani nzima. Kirusi peke yake hakitoshi, la sivyo karibu sote tungeugua, lakini inaonekana bila hicho ugonjwa ni nadra kuanza.

Kipimo cha kuangalia kingamwili za kirusi hicho si cha ajabu. Wewe ungekifanya hapo hapo Arusha. La ajabu ni kwamba miaka ya 1990 kuna mtu alibandika lebo sawasawa kwenye kichupa, akakiweka kwenye trei sahihi, akaandika tarehe, na aliyekuja baada yake hakukitupa. Hawakujua kitatumika kujibu swali gani. Walitunza amana. Ndiyo, mimi hukiita kichupa hivyo, na hata nilipokuwa kule nikizungumza Kiingereza kutwa, kichwani mwangu neno lilikuwa hilo. Kichupa cha damu ni mali ya mtu aliyekuachia, akaondoka, akakuamini.

Nami nimeona amana ikipotea. Katika maabara moja niliyowahi kufanya kazi, jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri liliharibika usiku wa sikukuu ya Pasaka. King'ora kililia kama kinavyotakiwa, na mashine ikapiga simu kama ilivyotegeshwa. Namba iliyopigiwa ilikuwa ya mtu aliyehama kazi mwaka mmoja kabla. Hakuna aliyekuwa ameibadilisha. Tulifungua asubuhi ya tatu tukakuta maji sakafuni. Katika droo zilizoyeyuka kulikuwa na seramu za mama mmoja aliyekuwa akitujia kila baada ya miezi sita. Alianza akija kwa miguu yake. Akaja na mkongojo mmoja, kisha miwili. Sampuli zile zilikuwa zimeandika safari hiyo yote, kipande kwa kipande, na nyingine kama hizo haziwezi kupatikana kwa sababu hawezi kurudi kuwa alivyokuwa mwaka wa kwanza. Mimi ndiye niliyempigia simu kumweleza. Alinyamaza kwa muda, halafu akaniuliza kama ajongee tena mwezi huo atoe nyingine. Nililia baada ya kukata simu, na tangu siku hiyo orodha ya namba za dharura naikagua mwenyewe kila mwezi, hapa Moshi, hata pale ambapo si kazi yangu.

Kwa hiyo utunzaji una elimu yake. Kalamu ya kawaida inafutika ukimwagia spiriti kidogo. Lebo ya karatasi hubanduka kwenye baridi kali na kukuachia vichupa mia visivyo na jina. Seli hai zinazotenganishwa kutoka kwenye damu zinatakiwa ziingizwe kwenye nitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, zikiwa na dawa ya kuzikinga zisipasuliwe na barafu, na dawa hiyo hiyo ni sumu kwao ukizubaa nayo kwenye joto. Maji ya uti wa mgongo lazima yazungushwe kwenye mashine mapema, seli zitengwe, yagawanywe kwenye vichupa vidogo vidogo ili siku ya kutumia uyeyushe kimoja tu. Ukigandisha na kuyeyusha mara tatu unapima kitu kingine kabisa. Mratibu asiyeandika kwamba kichupa kiliwahi kuyeyuka amempa mtu wa mezani uongo uliofungwa vizuri.

Na kuna barabara. Wewe unaijua ile ya Arusha hadi Moshi, kilomita kama 80, ambazo kwenye karatasi ni saa moja na ushei. Fikiria una boksi la baridi, na damu iliyotolewa saa tatu asubuhi Arusha inatakiwa itenganishwe Moshi kabla ya saa saba. Dereva anatembea hamsini kila penye kibao cha hamsini, Usa River kuna foleni, Boma Ng'ombe kuna lori limeziba. Nilipoanza kupanga safari za sampuli hapa nyumbani niligundua kwamba dereva ni mtu wa utafiti kama mimi. Nilimkalisha nikamweleza kwa nini boksi halifunguliwi hata kuangalia, na kwa nini aandike saa ya kuondoka na saa ya kufika hata kama amechelewa, hasa kama amechelewa. Alinielewa haraka kuliko baadhi ya wanafunzi wangu wa uzamili. Kule Ulaya umbali utakuwa mfupi, pengine ghorofa tatu tu kutoka kliniki hadi maabara, na utashangaa jinsi mrija unavyoweza kupotelea kwenye ghorofa tatu.

Sasa nije kwa watu, maana barua yako imewataja kwa neno moja tu, “washiriki”, na wao ndio watakaokubadilisha.

Siku ya ziara ya mshiriki ni ndefu. Daktari wa mishipa ya fahamu anampima na kumpa alama kwenye kipimo cha ulemavu alichokitoa John Kurtzke mwaka 1983, kutoka 0 hadi 10. Mshiriki anatembea mita 7.6 kwa saa ya kuhesabia. Anachomeka vijiti tisa kwenye matundu tisa kwa kila mkono, kisha anavitoa. Halafu damu, pengine picha ya MRI, pengine kuchomwa sindano mgongoni. Anayekaa naye kati ya kituo na kituo ni mratibu. Utajua kwamba uchovu wa MS si ule wa mtu aliyelima. Ni uchovu wa kuamka nao. Utajua kwamba kibofu hakimpi muda, kwa hiyo choo kiwe karibu na umwonyeshe mapema bila yeye kuuliza. Utajua habari ya joto. Mwaka 1890 daktari Mjerumani Wilhelm Uhthoff alieleza jinsi macho ya wagonjwa hawa yanavyofifia wanapofanya kazi ya nguvu, baadaye ikajulikana kwamba chanzo ni joto la mwili, na hadi leo ukimweka mgonjwa kwenye chumba chenye joto unaweza kupima joto ukadhani umepima ugonjwa. Hapa Moshi, Januari na Februari, mtu wa namna hiyo simpangi saa nane mchana. Namwita alfajiri, wakati Kibo bado iko wazi na hewa ya mlimani haijaisha. Jambo hilo halimo kwenye daftari la majaribio la mtu yeyote, lakini linaamua namba zitakazoandikwa humo.

Wakati nikiwa kule, kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu ambaye kila akija aliuliza swali lile lile: “Damu yangu ya mara ile imefika wapi?” Mwanzoni nilimjibu kwa adabu tupu, kwamba inafanyiwa kazi. Siku moja nikaona aibu, nikaenda nikatafuta. Nikakuta vichupa vyake vinne vimetumika na viwili vipo. Nilipomweleza vilitumika kuchunguza nini, kwa maneno ya kawaida, alifurahi kama mtu aliyepata habari za mwanawe aliyeko mbali. Baada ya hapo tulianza kuwaandikia washiriki wote barua fupi kila mwaka. Barua zile ziliandikwa na mratibu; watu wa meza hawakuwa na muda, na kusema kweli wengine hawakuwa na maneno.

Usidharau nguvu ya wagonjwa wenyewe katika historia ya ugonjwa huu. Tarehe 1 Mei 1945 mwanamke mmoja wa New York, Sylvia Lawry, aliweka tangazo dogo kwenye gazeti la New York Times akimtafuta mtu yeyote aliyewahi kupona MS, kwa sababu kaka yake alikuwa anaumwa. Waliomjibu wengi walikuwa watu waliokuwa wakitafuta tumaini hilo hilo. Kutokana na barua hizo akaanzisha chama cha MS cha Marekani mwaka 1946, na mwaka 1967 akasaidia kuanzisha shirikisho la kimataifa. Shirikisho hilo hilo ndilo lililohangaika hadi Julai 2023 Shirika la Afya Duniani likaingiza dawa tatu za MS kwenye orodha ya dawa muhimu: kladribini, glatirameri na rituksimabu. Kwa nchi kama yetu orodha ile ina uzito, kwa sababu ndiyo inayotazamwa dawa za nchi zinapopangwa. Hakuna pipeti iliyoshikwa katika kazi ile ya mwisho. Kulikuwa na watu wa kukusanya ushahidi, kuandika na kufuatilia.

Kuna simu nyingine unayopaswa kujiandaa nayo. Uingereza ipo benki ya tishu za MS, Imperial College London, ambako watu wenye ugonjwa huu hujiandikisha wakiwa hai ili ubongo na uti wao wa mgongo vitumike kwa utafiti wakishafariki. Ndugu wanapiga simu siku ya msiba, saa hazisubiri, na kuna mtu wa kupokea. Kama maabara yako ina uhusiano na benki ya namna hiyo, huenda ukapewa zamu. Mimi niliyelelewa Uchagani, ambako mtu huzikwa kihambani kwake, kwenye shamba la ukoo, na mwili wake wote ni wa ukoo, nilihangaika sana moyoni. Binti mmoja alinipigia kuniambia baba yake amefariki asubuhi ile na kwamba alikuwa amesisitiza tuambiwe mapema. Alikuwa analia na huku ananisomea namba ya kadi ya baba yake. Sikuwa na neno la kitaalamu la kumwambia. Nilimpa pole kama tunavyopeana pole sisi, bila haraka, nikamuuliza jina la baba na alikuwa mtu wa namna gani, na karatasi zikafuata baadaye. Sisemi kwamba jambo hilo lihamishiwe kwetu kesho. Nasema kwamba ukipangiwa, mila zako za kukaa na wafiwa zitakufaa.

Ukichagua meza, usidhani utaepuka yote haya. Huko kuna panya. Watafiti hudunga panya kipande cha protini ya mayelini pamoja na kichocheo cha kinga, na baada ya siku kati ya tisa na kumi na nne hivi, mkia unalegea, kisha miguu ya nyuma. Kila siku lazima wapimwe uzito na kupewa alama, Jumapili na sikukuu zikiwemo, na anayepooza anawekewa chakula kilicholowanishwa chini kabisa ili akifikie, na maji vilevile. Kuna kikomo cha mateso kilichoandikwa kwenye kibali, na panya akikifikia analazwa usingizi wa mwisho siku hiyo hiyo, hata kama jaribio lako linahitaji wiki moja zaidi. Hiyo ni sehemu ngumu na inapaswa kubaki ngumu. Panya hao na wanyama wengine wa maabara wametupa mengi. Katika Taasisi ya Weizmann, Israeli, Ruth Arnon, Michael Sela na Dvora Teitelbaum walitengeneza kemikali wakitarajia itawafanya wanyama waugue, ikawakinga. Ndiyo iliyokuja kuwa glatirameri, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1996. Lakini panya pia wametupotosha: zipo dawa za kuzuia kemikali iitwayo TNF zilizowasaidia wanyama na, zilipojaribiwa kwa watu wenye MS, zikawazidishia. Anayefanya kazi na panya tu, bila kukutana na mama wa mikongojo miwili, husahau haraka kwamba panya si mgonjwa.

Mikutano na makaratasi nitayapita upesi. Kila Jumatatu kuna kikao cha kundi, mtu mmoja anaonyesha data zake na wengine wanazichambua bila huruma, na ni vizuri iwe hivyo. Kuna maandiko ya kuomba fedha, mengi hukataliwa. Kuna vibali. Ukirudi nyumbani utakutana na vyetu: kibali cha maadili kutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, cha utafiti kutoka COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, mkataba wa kusafirisha sampuli kama zinatoka nje ya nchi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Jifunze mapema kuzipenda fomu hizi, kwa maana kila mstari wake umewekwa kumlinda mtu fulani.

Juu ya fomu ya ridhaa tu ndiyo nitakaa kidogo, kwa kuwa hapo mtu wetu ana jambo la kuwafundisha wengine. Niliporudi Moshi nilipewa fomu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Ilisema mshiriki atachukuliwa “kiowevu cha ubongo na uti”. Mzee mmoja kutoka Machame akaniuliza kwa upole kama tunamtoa ubongo. Tuliikalia upya, tukaandika “maji yanayozunguka uti wa mgongo”, tukaeleza ni kiasi cha vijiko vingapi vya chai na kwamba mwili hutengeneza mengine siku hiyo hiyo. Tukaondoa pia swali la “hisia zisizo za kawaida” tukaweka maneno ambayo wagonjwa wenyewe walikuwa wanatuambia: ganzi, sisimizi wanatembea mguuni, moto unawaka chini ya ngozi, shoti inashuka mgongoni nikiinamisha kichwa. Hiyo ya mwisho ni dalili inayojulikana sana katika MS, na kwa swali la kwanza hakuna aliyekuwa akiitaja.

Huku kwetu MS haionekani mara nyingi. Ugonjwa huu huongezeka kadiri unavyokwenda mbali na ikweta, na ukosefu wa jua na vitamini D umehusishwa nao. Lakini anayekuwa nao hapa huzunguka. Anaambiwa kiharusi, anapimwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, anapimwa VVU na upungufu wa vitamini B12, na vyote hivyo ni sahihi kupimwa, maana ni vya kawaida zaidi. Katikati ya hapo ameshapelekwa kwa mganga. Kanda ya Ziwa imewahi kuona pia konzo, kupooza kwa ghafla kunakotokana na muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, kulikoelezwa Tarime miaka ya 1980. Na kuna ndugu wa MS anayefanana naye mno, nyuromayelitisi optika, ambaye huwashika zaidi watu wa asili ya Afrika na Asia. Kingamwili yake iligunduliwa mwaka 2004 na wataalamu wa hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, katika seramu za wagonjwa. Kuwatofautisha si suala la jina tu: baadhi ya dawa za MS, kama interferoni beta, zinaweza kumzidishia mwenye nyuromayelitisi. Ili tuwatofautishe hapa tunahitaji damu na maji ya uti wa mgongo yaliyotunzwa vizuri kwa miaka, yakiwa na historia kamili ya mgonjwa. Wanaojua kushika pipeti tunao, wewe ukiwa mmojawapo. Wanaojua kujenga na kulinda hazina ya namna hiyo kaskazini yote nawahesabu kwa vidole.

Kwa hiyo ungekuwa mwanangu wa kuzaa ningekwambia uchukue nafasi ya uratibu. Usiichukue jinsi ilivyo, lakini. Omba iandikwe kwenye mkataba kwamba siku moja kila wiki utakuwa mezani, ukipima sampuli ulizozipokea wewe mwenyewe, kwa sababu mratibu asiyejua sampuli inatumikaje huanza kuhesabu vichupa badala ya kuvitunza, na hapo mjomba atakuwa na haki ya neno lake. Omba pia jina lako liwe kwenye machapisho yanayotokana na sampuli hizo. Usione haya kuliomba. Kama watakataa yote mawili, nenda mezani, na hiyo shahada yako itakutosha.

Beba sweta nzito. Mwezi Desemba kule giza linaingia saa kumi jioni na moyo unaingia giza nao. Tafuta Watanzania mapema, hata kama ni wawili.

Kabla hujasaini, waandikie swali hili moja. Waulize jokofu likilia saa nane usiku wa sikukuu, ni nani anayepokea simu, na ni lini mara ya mwisho walijaribu kuipiga. Wakikutajia jina na tarehe, mwambie mjomba aanze kukutafutia begi.